Kutambua hali nne za Bell: mwongozo kamili kutoka meza ya TP ya Lubumbashi

Hapa Lubumbashi ukisema TP, kila mtu anafikiria TP Mazembe, timu ya mpira. Sisi wa fizikia tunamaanisha kazi za vitendo. Mwaka huu nimekabidhiwa wanafunzi kumi na wawili niwapitishe katika optiki ya kwanta, na chumbani kwetu hakuna kigunduzi hata kimoja cha kuhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, mojamoja. Kimoja tu ni dola elfu kadhaa, na kazi hii inataka visivyopungua viwili. Tulicho nacho ni meza, kompyuta mbili zinazowaka umeme ukiwepo, mabaki ya telefone, na mafaili ya vipimo tunayotumiwa na marafiki wanaosomea ng'ambo. Kumbe yanatosha. Leza ni mambo ya pesa. Kusoma namba ndiko kunakowashinda watu, na namba zinasomeka popote.

Siku ya kwanza nilieleza kwamba fotoni mbili zilizofungamana, yaani zenye hali moja ya pamoja hata zikiwa mbali, zinaweza kuwa hivi: zikipimwa mtetemo wake, zinatoka zote mlalo au zote wima. Mwanafunzi mmoja, ambaye mama yake anauza unga soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), akanikatiza.

"Mwalimu, ajabu iko wapi? Mama anafunga mifuko miwili, yote ya mahindi ao yote ya muhogo. Mmoja anautuma Likasi, mwingine Kasumbalesa. Wa Likasi akifungua akute mahindi, anajua palepale Kasumbalesa watakula bukari ya mahindi. Hakuna Nobel hapo."

Darasa lilicheka, lakini kijana ana haki. Nobel ya fizikia ya 2022 waliyopewa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger haikutolewa kwa mifuko ya unga, na mtu asiyeweza kutofautisha mifuko na fotoni hana sababu ya kuiamini. Kwa hiyo tuliifanya hiyo iwe kazi ya muhula mzima: nikikupa faili la hesabu, uniambie chanzo, yaani kifaa kinachozaa jozi za fotoni, kinatoa hali ipi kati ya nne za Bell, au uniambie kwamba ni mifuko ya unga tu.

Hali zenyewe

Nitatumia herufi zilezile utakazozikuta kwenye mafaili. H ni mtetemo wa mlalo, V wa wima. D ni mshazari wa nyuzi 45, A mshazari wa nyuzi 135. R na L ni mzunguko wa kulia na wa kushoto. Herufi mbili zikifuatana, ya kwanza ni fotoni ya upande wa kwanza, ya pili ni ya upande wa pili. Hali nne za Bell, yaani namna nne za fotoni mbili kufungamana, ni hizi:

Φ+ ni HH + VV
Φ− ni HH − VV
Ψ+ ni HV + VH
Ψ− ni HV − VH

Kila moja inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2 ili uwezekano wote ujumlike kuwa 1. Ukipima kwa H na V, Φ mbili zinakupa majibu yanayofanana pande zote mbili, Ψ mbili zinakupa majibu yanayopingana. Lakini Φ+ na Φ− huwezi kuzitenganisha kwa kipimo hicho hata ukipima mwaka mzima. Uwezekano unapatikana kwa kuzidisha namba kwa yenyewe, na kutoa ukiizidisha kwa kutoa inakuwa jumlisha. Ishara imefichika. Itajitokeza ukigeuza kichujio, yaani karatasi inayopitisha mtetemo wa mwelekeo mmoja tu.

Tangu hapa tenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: chanzo changu kinatoa jozi nyingi za namna moja, ni namna ipi? La pili: nimeletewa jozi moja tu, mara moja tu, ni ipi kati ya nne? Swali la kwanza linajibika kwa vichujio na subira. La pili ni gumu zaidi, nitaliacha mpaka mwisho.

Vichujio kutoka kwa fundi

Nenda kwa fundi wa telefone, muombe vioo vya kalkuleta na telefone za zamani za vitufe zilizokufa. Juu ya kioo kuna karatasi nyembamba ya plastiki ya kijivu iliyogandishwa. Pasha kioo joto kidogo juani, ingiza wembe kwenye kona, kisha vuta polepole. Ile ya mbele ndiyo unayoitaka. Ya nyuma mara nyingi imebandikwa kitu cha kurudisha mwanga, haipitishi. Gundi inayobaki inatoka kwa pombe ya kusafishia vidonda. Tulichana tatu kabla ya kupata moja nzima, usikate tamaa.

Karatasi hiyo haina alama ya kuonyesha inapitisha mwelekeo upi, na katika vioo vya aina hii mhimili wake mara nyingi umekaa mshazari. Usidhani ukingo wa karatasi ndio mlalo. Fanya hivi: simama mahali jua linapong'aa juu ya sakafu ya vigae ao juu ya beseni la maji, tazama mng'ao ule kwa mshazari kupitia karatasi, na uizungushe mbele ya jicho. Mwanga uliorudishwa na uso wa maji hutetemeka zaidi mlalo. Pale mng'ao unapozimika, karatasi yako inapitisha wima. Chora mshale kwa biki. Sasa una V, na ukigeuza nyuzi 90 una H.

Weka karatasi mbili moja nyuma ya nyingine, mishale ikikatana kwa nyuzi 90: giza. Chomeka ya tatu katikati kwa nyuzi 45: mwanga unarudi, kama sehemu moja ya nane ya ule wa mwanzo kwa vichujio kamili. Umeongeza kizuizi, mwanga ukaongezeka. Wanafunzi wangu walilirudia jambo hili kwa dakika ishirini, na sikuwazuia, kwa kuwa humo ndimo lilimo jibu la yule kijana wa unga. Mfuko una swali moja tu: mahindi ao muhogo? Fotoni unaweza kuiuliza "H ao V?", na unaweza kuiuliza "D ao A?", na ukiiuliza la pili unalifuta jibu la la kwanza.

Maabara ya kweli inafanya nini

Kwa ufupi, maana kwetu hapa ni ya kusoma tu. Leza ya zambarau ya nanomita 405 inapigwa kwenye fuwele ya BBO, yaani beta-bariamu borati. Mara chache sana fotoni moja ya leza inapasuka kuwa mbili za nanomita 810, kila moja ikibeba nusu ya nishati. Mtindo unaopendwa ni wa fuwele mbili nyembamba zilizobandikwa zikikatana, moja inazaa HH, nyingine inazaa VV, na kwa kuwa hakuna njia ya kujua jozi ilizaliwa katika ipi, unapata HH na VV kwa pamoja. Kila fotoni inakwenda upande wake, inapita bamba la nusu-wimbi, yaani kipande cha fuwele kinachogeuza mwelekeo wa mtetemo (kwa R na L huongezwa bamba la robo-wimbi), kisha mchemraba unaotenganisha H na V, kisha vigunduzi. Saa ya elektroniki inaandika tu pale pande zote mbili zinapolia kwa pamoja, ndani ya nanosekunde chache. Ukibahatika kusimama mbele ya meza ya namna hiyo, usiweke jicho usawa wa mwali. Leza ya zambarau inaonekana hafifu kuliko ilivyo, na inaunguza.

Kabla ya hesabu yoyote, tazama milio ya upande mmoja peke yake. Katika hali zote nne za Bell, fotoni moja ikitazamwa bila mwenzake haina mwelekeo wowote: ugeuze kichujio utakavyo, milio yake haipandi wala haishuki. Kinachopanda na kushuka ni milio ya pamoja. Ukiona milio ya upande mmoja inabadilika kwa nyuzi, chanzo kinapendelea H kuliko V, rudi ukarekebishe.

Upatano: namba tatu unazozihitaji

Katika kila mkao wa kupimia unapata hesabu nne. Kwa mkao wa mlalo-wima ni HH, HV, VH, VV. Jumlisha zinazofanana, toa zinazopingana, gawanya kwa jumla ya zote. Tuite jibu upatano. Likiwa +1, pande mbili zinakubaliana kila mara. Likiwa −1, zinapingana kila mara. Likiwa 0, hazijuani.

Pima upatano katika mikao mitatu: p kwa mlalo-wima, q kwa mshazari (D na A), r kwa mzunguko (R na L). Hali kamili zinatoa hivi:

Φ+ : p = +1, q = +1, r = −1
Φ− : p = +1, q = −1, r = +1
Ψ+ : p = −1, q = +1, r = +1
Ψ− : p = −1, q = −1, r = −1

Bandika jedwali hilo ndani ya jalada la kaye yako. Hali zozote mbili utakazochagua zinatofautiana katika mikao miwili kamili na kufanana katika mmoja. Kwa hiyo ukiambiwa mapema kwamba ni moja kati ya mbili, mkao mmoja unatosha mradi uchague ule zinapotofautiana: Φ+ na Φ− utazitenga kwa D na A, na mtu wa kila upande ampigie mwenzake telefone waambiane majibu. Zikiwa nne zote mezani, huna budi kupima angalau mikao miwili, p na q, na ya tatu nakushauri usiiruke hata kama jedwali linaonyesha kwamba mbili zinatosha. Utaona kwa nini.

Tena, zidisha ishara tatu za mstari wowote. Daima inatoka kutoa. Hakuna hali yoyote ya fotoni mbili inayoweza kutoa +1, +1, +1. Ukilipata faili lenye namba kubwa tatu zote za jumlisha, usitangaze ugunduzi. Kuna mtu amebadilisha R na L upande mmoja. Kosa hili ni la kila siku, kwa sababu vitabu havikubaliani kama "kulia" ni kwa macho ya anayetuma mwanga ao ya anayeupokea.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Hesabu hizi nimezitengeneza kwa kompyuta, milio 1,000 ya pamoja kwa kila mkao, nikatia na uchafu kidogo ili zifanane na za kweli.

HH 488, HV 14, VH 11, VV 487
DD 32, DA 470, AD 465, AA 33
RR 462, RL 36, LR 34, LL 468

Mlalo-wima: 488 + 487 ni 975, zinazopingana ni 25, tofauti 950, kwa hiyo p = 0.95. Mshazari: zinazofanana 65, zinazopingana 935, q = −0.87. Mzunguko: zinazofanana 930, zinazopingana 70, r = 0.86.

Ishara ni jumlisha, kutoa, jumlisha. Jedwali linasema Φ−. Wengi hukomea hapo na kwenda kula. Ngoja kidogo, tuulize: ni Φ− kwa kiasi gani? Kuna kanuni nne fupi, moja kwa kila hali, na kila moja inafuata ishara za mstari wake:

Φ+ : (1 + p + q − r) ÷ 4
Φ− : (1 + p − q + r) ÷ 4
Ψ+ : (1 − p + q + r) ÷ 4
Ψ− : (1 − p − q − r) ÷ 4

Ukiweka namba zetu: Φ− inapata (1 + 0.95 + 0.87 + 0.86) ÷ 4, yaani 0.92. Φ+ inapata 0.055, Ψ+ 0.01, Ψ− 0.015. Jumlisha zote nne lazima zitoke 1; zisipotoka 1, umekosea ishara mahali. Hiyo 0.92 ndiyo tunaiita uaminifu. Uaminifu kwa hali yoyote ya Bell ukizidi 0.5, fotoni zimefungamana, na hakuna mchanganyiko wa mifuko ya unga unaoweza kufika juu ya hapo. Kwa milio 1,000, kila upatano hapa una shaka ya kama 0.01 hadi 0.02 tu, kwa hiyo 0.92 haiko karibu na mpaka hata kidogo.

Ukitaka kujitengenezea mafaili ya mazoezi, huhitaji programu kubwa. Jedwali la hesabu la kompyuta linatosha. Kichujio cha kwanza kikiwa nyuzi a na cha pili nyuzi b, uwezekano wa jozi kupita pande zote mbili ni nusu ya kosaini mraba ya (a − b) kwa Φ+, nusu ya kosaini mraba ya (a + b) kwa Φ−, nusu ya saini mraba ya (a + b) kwa Ψ+, na nusu ya saini mraba ya (a − b) kwa Ψ−. Anayejua lugha ya programu ya Python anaweza kutumia QuTiP, zana ya hesabu za kwanta, ni ya bure. Mimi napendelea waanze kwa jedwali, vidole vikijua kosaini inatoka wapi.

Sifuri mbili zenye maana mbili

Hapa ndipo niliwapoteza nusu ya darasa. Tulirudi kwenye unga. Tuchukue chanzo cha mifuko: nusu ya jozi ni HH kamili, nusu ni VV kamili, zimechanganywa kama karanga kwenye kikapu. Katika mlalo-wima, p = 1, sawasawa na Φ. Geuza vichujio vyote nyuzi 45. Kila fotoni ya H ina nusu kwa nusu ya kutoka D ao A, na mwenzake vilevile, bila kusikilizana. DD inapata robo, DA robo, AD robo, AA robo. q = 0. Kwa mzunguko, r = 0 pia. Kanuni zinatoa 0.5 kwa Φ+ na 0.5 kwa Φ−, juu ya mpaka kabisa lakini bila kuuvuka. Kijana akafurahi: "Basi nimeelewa. Sifuri ni unga."

Nikampa faili lingine: p = 0.98, q = 0.01, r = −0.02. Akaandika kwa biki nyekundu: UNGA. Amekosa.

Fotoni za faili lile zilikuwa zimefungamana vizuri kabisa, ila HH na VV zilipishana robo ya wimbi. Si HH + VV wala HH − VV. Ziko katikati ya njia kutoka moja kwenda nyingine. Pembe ya kupishana tukiiita f, q ni kosaini ya f na r ni kosaini hiyohiyo yenye kutoa. Kwa f ya nyuzi 90, zote mbili ni sifuri, kama unga. Upatano wote umehamia mahali ambapo hukutazama: upande mmoja ukipima D na A, mwingine ukipima R na L. Mkao huo wa mchanganyiko unatoa saini ya f, na kwa nyuzi 90 ni 1. Kwa mifuko ya unga unatoa 0.

Kwa hiyo ukikuta p kubwa na q na r zikiwa karibu na sifuri, usihukumu. Omba kipimo cha nne, D na A upande mmoja, R na L upande mwingine. Maabarani wana njia ya haraka zaidi: wanainamisha polepole kipande cha fuwele kilichowekwa njiani mwa leza, f inabadilika, na wanatazama milio ya DD. Ikipanda na kushuka kama mawimbi, fungamano lipo na unaweza kusimama pale unapotaka, juu kabisa kwa Φ+, chini kabisa kwa Φ−. Ikibaki palepale, ni kikapu cha karanga. Na ukitaka Ψ badala ya Φ, weka bamba la nusu-wimbi la nyuzi 45 katika njia moja tu. H na V za upande ule zinabadilishana nafasi.

Makosa yaliyotuchelewesha

La kwanza ni langu. Rafiki alinitumia faili lenye nyuzi 0, 22.5, 45 na 67.5. Nikaziona, nikafurahi: hizi ni nyuzi maarufu za jaribio la Bell (nitalieleza mbele). Nikahesabu siku mbili, jibu likatoka sifuri tupu, nikamwandikia kwamba chanzo chenu kimekufa. Akanijibu kwa kicheko cha sauti ya WhatsApp. Safu ile ilikuwa nyuzi za bamba. Bamba la nusu-wimbi ukiligeuza nyuzi kumi, mtetemo unageuka ishirini. Nyuzi zake za kweli zilikuwa 0, 45, 90 na 135, na kwa nyuzi hizo, jinsi nilivyozipanga, hata chanzo bora duniani kinatoa sifuri. Tangu siku ile swali la kwanza kwa kila faili ni hili: hizi ni nyuzi za bamba ao za mtetemo?

Kioo cha kawaida nacho ni mchokozi. Fotoni ikirudishwa na kioo, D inakuwa A na R inakuwa L. Kioo kimoja cha ziada upande mmoja kinageuza ishara za q na r, na Φ+ inaitwa Φ−. Hakuna kilichoharibika. Jina la hali linategemea mihimili mliyokubaliana, kwa hiyo kubalianeni kwanza, muandike juu ya faili.

Halafu kuna milio ya bahati. Vigunduzi viwili vikilia kila kimoja mara 20,000 kwa sekunde, na dirisha la saa likiwa nanosekunde 10, zidisha: 20,000 × 20,000 × 0.00000001. Ni milio 4 kwa sekunde iliyokutana kwa bahati tu, bila undugu wowote. Kama milio ya pamoja ni 400, si kitu. Kama ni 8, nusu ya kazi yako ni kelele, na kelele inavuta kila upatano kuelekea sifuri. Itoe kabla ya kugawanya, na useme kwamba umeitoa.

Kama mtu anabisha

Uaminifu unaamini vifaa vyako: kwamba D ni D kweli. Mbishi atakataa. Kwake tumia jaribio la Bell, namba inayoitwa S, ambayo Clauser na wenzake watatu waliiandika mwaka 1969 kutokana na wazo la John Bell la 1964. Upande mmoja pima kwa nyuzi 0 na 45, mwingine kwa 22.5 na 67.5, nyuzi za mtetemo. Jumlisha upatano wa jozi tatu, (0, 22.5), (45, 22.5) na (45, 67.5), kisha toa ule wa (0, 67.5). Mifuko ya unga ya aina yoyote haivuki 2. Φ+ kamili inafika 2.83. Kwa Φ−, geuza ishara ya nyuzi za upande mmoja. Kwa Ψ− S inatoka −2.83, tazama ukubwa wake tu. Chanzo kilichochafuliwa na kelele sawa pande zote kinahitaji upatano unaozidi 0.71 ili kivuke 2, hivyo fotoni zinaweza kuwa zimefungamana na bado zikashindwa jaribio hili. S ni hakimu mkali. Usiitumie kama mlango wa kwanza.

Jozi moja, mara moja

Sasa lile swali la pili. Jozi moja imefika, hakuna nyingine. Vichujio vya mbali na telefone havitoshi kuzitenga hali zote nne. Lazima fotoni zikutanishwe. Zinaletwa kwenye kioo-nusu, kile kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, moja kutoka kila upande, zifike kwa pamoja. Hong, Ou na Mandel walionyesha mwaka 1987 kwamba fotoni mbili zinazofanana kabisa zikikutana hapo zinatoka upande mmoja pamoja. Ψ− ndiyo yenye ukaidi: ukibadilishana nafasi za fotoni zake, ishara inageuka, na kwa sababu hiyo zinatoka kila moja upande wake. Hali tatu zilizobaki zinatoka pamoja.

Weka mchemraba wa kutenganisha H na V baada ya kila upande wa kioo-nusu, na vigunduzi vinne. Soma hivi. Milio miwili pande tofauti za kioo: Ψ−. Milio miwili upande mmoja, mmoja H na mwingine V: Ψ+. Fotoni mbili ndani ya kigunduzi kimoja: ni Φ, lakini ipi? Haijulikani. Ishara imepotea tena.

Huo si uvivu wa mafundi. Mwaka 2001 Calsamiglia na Lütkenhaus walithibitisha kwamba kwa vioo, mabamba na vigunduzi peke yake, bila fotoni za msaada, huwezi kuvuka nusu ya jozi. Kule Innsbruck, Austria, mwaka 1996 watafiti walijipangia na kikomo hicho: kwa kuwa majibu ni matatu (Ψ−, Ψ+, "Φ fulani"), walituma ujumbe wa namna tatu kwa kugusa fotoni moja tu ya jozi. Mwaka uliofuata, katika jaribio la kuhamisha hali ya fotoni, waliisoma Ψ− peke yake na kukubali kupoteza robo tatu ya majaribio. Njia mojawapo ya kutoka ni kutumia fotoni zilizofungamana kwa mambo mawili, mtetemo na pia njia ao wakati. Jambo la ziada linaibeba ishara iliyofichika, na hali zote nne zinasomeka.

Kufika kwa pamoja ndiko kunakotesa. Ukiwa na kichujio cha rangi chenye upana wa nanomita 3 kwenye 810, fotoni ina urefu wa kama milimita 0.2. Njia mbili zikitofautiana zaidi ya hapo, fotoni hazikutani, na kioo-nusu kinazigawa ovyo. Ndiyo maana utaona mtu anazungusha skrubu ya mikromita asubuhi nzima akisubiri milio ya pande tofauti ishuke, ao kwa Ψ−, ipande.

Mtihani wa mwisho niliwapa mafaili mawili. La kwanza: p = −0.93, q = −0.91, r = −0.90. Wote kumi na wawili waliandika Ψ−, uaminifu 0.935. La pili: p = −0.96, q = 0.02, r = −0.01. Saba waliandika unga. Wanne waliandika Ψ+, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya ile 0.02. Mtoto wa mama wa soko la Kenya aliacha nafasi ya jibu tupu, chini yake akaandika: "Siwezi kusema. Leteni D na R." Nikampa alama zote.